Minofu Isiyo na Ngozi

Afisa Rozalia Mazurek wa idara ya uvuvi alikuwa ameacha kahawa kwa ajili ya Kwaresima, na kufikia Ijumaa ya nne mji mzima wa Port Corvin ulikuwa unajutia uamuzi huo. Alikuwa mama wa makamo, mpana wa mabega, mwenye koti la serikali lililojaa mifuko asiyoitumia. Asubuhi hiyo alikuwa anapita gatini akikagua ndoo za wavuvi kwa uso wa mtu aliyelala na mbu usiku kucha.

"Leseni."

"Roz, wewe ni mama wa ubatizo wa mwanangu," alilalamika Kaz Lesko, mwenye mochwari ya mji.

"Mwanao havui. Anayevua ni wewe. Leseni."

Kaz akaingiza mkono ndani ya koti lake jeusi, lile lile la kazini, akaitoa. Vidole vilikuwa vimemvimba kwa baridi. Ziwa Erie, huko Marekani, lilikuwa limeachia barafu juzijuzi tu, na mabonge machache yalikuwa bado yanagongana chini ya nguzo za gati. Upepo wa majini ulikuwa unapenya hata kwenye meno. Huo ndio wakati wa sangara wa njano. Majike wanakuja kando ya ziwa na matumbo yaliyojaa mayai, na watu wanawafuata na ndoo.

Msomaji asimfikirie yule sangara wa kwetu, jitu la kubebwa na wanaume wawili. Huyu wa Erie hazidi kiganja sana, ana milia ya kijani ubavuni na miiba mgongoni ya kumkumbusha mtu dhambi zake. Lakini watu wa ufuko ule wanampenda kuliko baadhi ya ndugu zao, na hawaoni haya kusema hivyo mbele ya ndugu wenyewe.

Roz akaangalia huku na huku. Gati lilikuwa limejaa pomoni. Wazee wa kila siku walikuwepo, hilo la kawaida. Lakini kinyozi alikuwepo pia, na duka lake lilipaswa kuwa wazi. Kiongozi wa kwaya alikuwepo, amejifunga blanketi, anaitazama ndoana yake kwa woga. Na Kaz huyu, mtu aliyewahi kusema hadharani kwamba uvuvi ni njia ndefu ya kupata mafua.

"Kuna nini leo?" aliuliza Roz.

"Samaki wanakula vizuri," alisema Kaz haraka.

"Wanakula vizuri," alisema kinyozi.

"Vizuri sana," alisema kiongozi wa kwaya, ambaye chambo chake kilikuwa kinaning'inia hewani.

Mwisho kabisa wa gati alikuwa amekaa Emil Vargo, mzee mjane mwenye duka la chambo. Ndoo yake ilikuwa imejaa, na hakuwa amezidisha hata samaki mmoja juu ya idadi inayoruhusiwa. Roz alipoinama kuhesabu, Emil alitazama majini, akatazama mawingu, kisha akanyanyua chupa ya chai.

"Kahawa, Roz?"

"Emil. Mji mzima unajua nimeacha."

"Aa, kweli. Pole." Na masikio yake yakawa mekundu.

Roz alikuwa anataka kuuliza masikio yale yana kesi gani, lakini simu ikalia mfukoni. Aliipata katika mfuko wa tano.

"Wameibiwa!" ilipiga kelele sauti ya Dolores Hruska. "Samaki wote! Na leo anakuja askofu!"

"Umewaita polisi?"

"Nimewaita. Wamesema mwizi wa samaki ni kazi ya mtu wa samaki. Njoo!"

*

Jiko la parokia ya Mtakatifu Kazimiri liko chini ya kanisa, na kila Ijumaa ya Kwaresima, tangu enzi za babu zao waliokuja kutoka Poland na Hungaria, watu hushuka ngazi zile kula sangara wa kukaangwa. Anayetawala jiko hilo ni Dolores, mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kusimamisha treni. Roz alimkuta amesimama mbele ya jokofu lililo wazi kama mtu aliyekuta maiti.

"Tazama," alisema. "Tazama mwenyewe."

Roz akatazama. Rafu ya chini ilikuwa tupu. Rafu za juu zilikuwa na kabichi iliyokatwa, siagi, pierogi, zile sambusa za Kipolandi za viazi, zilizopangwa safi kwenye sinia, na kreti ya bia ya kukorogea unga.

"Mwizi kaacha bia?"

"Kaacha kila kitu. Kachukua samaki tu."

"Mwizi anayeacha bia," alisema Roz polepole, "huyo si wa kawaida. Mlango ulivunjwa?"

"Haukuvunjwa. Alitumia ufunguo."

"Unakaa wapi ufunguo?"

"Mafichoni. Chini ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu."

"Nani anapajua?"

Dolores akafikiri. "Waumini wote. Na yule mwenye kuleta gesi."

Roz akapiga magoti. Sakafu ilikuwa inang'aa. Akapitisha kidole, akakinusa: sabuni ya ndimu. Mwizi alikuwa amepiga deki. Aliiba samaki, maji yakadondoka, akaona si vizuri kumwachia Dolores uchafu, akachukua dekio. Akilini Roz akafuta majina ya wahuni wote wa kaunti, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupiga deki kwao.

"Nani aliyafungua maboksi tangu yafike?"

"Hakuna. Padri aliyaleta jana jioni yamefungwa. Mimi huwa nayafungua Ijumaa mchana, si kabla. Hewa inakausha minofu." Dolores akajifuta macho kwa ncha ya aproni, kisha akakunja uso. "Lakini mimi nawajua walioiba. Walutheri."

"Dolores."

"Walutheri, Roz! Wanajua leo ni siku gani. Askofu anakuja kuchagua. Padri ni mmoja, parokia ni mbili, sisi na Millbrook. Moja lazima ifungwe mlango. Akija hapa akakuta meza tupu, unadhani atasema nini? Mimi nimebatizwa pale juu. Nimeolewa pale juu. Mume wangu Walter nimemuaga pale juu. Nikifa nipelekwe Millbrook, kwa watu nisiowajua hata majina?" Akajifuta macho tena. "Siwezi, Roz. Nakuambia ukweli, siwezi."

Roz na yeye alibatizwa pale pale juu. Akainama tena, akalaza shavu sakafuni, akamulika tochi chini ya jokofu. Nyuma kabisa, ukutani, kulikuwa na kitu cheupe. Dekio halikufika huko.

Akakivuta kwa mwiko. Ulikuwa mnofu mmoja. Akauweka kiganjani akiwa amempa Dolores mgongo.

Mnofu wa sangara wa njano haujazi kiganja. Huu ulianzia kwenye kifundo cha mkono ukapita ncha za vidole ukaning'inia. Ulikuwa mnene, mweupe, na haukuwa na ngozi hata chembe. Sangara wa namna hii angekuwa hai, Roz aliwaza, angenivua mimi.

"Umepata nini?" aliuliza Dolores.

"Vumbi," alisema Roz, akautia mnofu mfukoni. "Nakwenda kwa Walutheri."

*

Mchungaji Arlene Stroh wa Walutheri alikuwa jikoni kwake, mikono imejaa unga, kwa kuwa chama cha wanaume wa kanisa lake nao hukaanga samaki siku za Ijumaa. Si kwa Kwaresima, husema wao. Ni kwa njaa tu.

"Karibu, Roz. Kahawa?"

Roz akafumba macho kidogo. "Hapana, Mchungaji. Nimekuja kwa kazi. Samaki wa Mtakatifu Kazimiri wameibiwa."

"Na Dolores kasema ni sisi."

"Kasema."

"Mwambie Dolores kwamba nimewahi kula samaki wake, na sioni sababu ya kwenda jela kwa ajili yao." Lakini alipouona uso wa Roz alifuta mikono. "Nisamehe. Leo si siku ya kutaniana. Kagua unavyotaka."

Roz akakagua. Samaki wa Walutheri walikuwa kwenye barafu, safi, minofu miwili miwili iliyoshikana mgongoni na kufunguka kama kitabu, na kila mmoja na ngozi yake yenye milia. Ndivyo watu wa ufuko ule wanavyokata. Ngozi haiondolewi, maana ngozi ndiyo kitambulisho. Muuzaji yeyote anaweza kuapa kwamba mnofu mweupe ni sangara, lakini milia haiapi, inaonekana.

Akautoa mnofu wake mfukoni, akaulaza pembeni. Mchungaji Arlene akautazama, akautazama tena, akarudi nyuma hatua moja.

"Ni nini hicho?"

"Wewe niambie."

"Sikijui, lakini sangara si yeye. Hakupita hata jirani na sangara." Ghafla akashika kifua. "Roz! Hicho ndicho walitaka kumlisha askofu? Baba yake si alikuwa mvuvi kule Vermilion, ufuko huu huu?"

"Ndiyo. Mtu aliyezaliwa kwenye mtumbwi."

"Angejua kabla hajaketi."

"Angejua kutoka mlangoni. Mchungaji, hili jambo libaki humu."

"Sisi hatuna kitubio," alisema Mchungaji Arlene, "lakini kufunga mdomo tunaweza."

*

Padri Linus Kettler alikuwa kijana mrefu, mpole, aliyetumwa Port Corvin kutoka bara, mbali huko Nebraska, mahali ambapo ziwa ni kitu cha kuonwa kwenye kalenda. Roz alimkuta kanisani anapanga viti vya kwaya.

"Baba, samaki ulinunua kwa nani?"

"Kwa mfanyabiashara mmoja, kwa simu. Ana sauti nzuri sana. Alisema ni sangara, tena wakubwa."

"Kwa nini hukununua kwa wavuvi wa hapa kama kawaida?"

"Tanuri la kupasha kanisa joto limekufa, Afisa. Nilitaka tubane matumizi ili askofu aone tunajiweza." Akatabasamu kwa aibu. "Halafu nilimwambia atoe ngozi zote. Alinisifu kwa hilo. Alisema wateja wachache wana akili kama mimi."

Roz akaegemea kiti. "Ulimwambia atoe ngozi."

"Nilidhani ni uchafu. Kwetu samaki hutoka kwenye boksi tayari ana pembe nne."

Hapo Roz akawa na kila alichohitaji isipokuwa kahawa. Alikwenda kukaa ndani ya pikapu yake, akafunga mlango, akapanga mambo kwa sauti, kama alivyozoea akiwa peke yake.

"Mwizi wa samaki angeiba samaki wazuri. Huyu kaiba wabaya. Kwa hiyo alijua ni wabaya, na kujua lazima afungue boksi. Dolores hakufungua. Padri hata angefungua asingejua. Nani mwingine anagusa samaki Alhamisi jioni?"

Jibu likaja lenyewe, na masikio yake mekundu. Kila Alhamisi ya Kwaresima, kwa miaka mingi, Emil Vargo hushuka jikoni kupapasa minofu kwa ncha za vidole akitafuta miiba iliyosahaulika. Hakuna aliyemwomba. Dolores huwa haangalii hata kidogo, ameshazoea, Emil kwake ni sehemu ya jiko kama meza.

Na kama mwizi ni Emil, basi kinyozi, kiongozi wa kwaya na Kaz wanafanya nini gatini katika baridi ile, kila mmoja na leseni yake halali na ndoo yake? Roz akawasha gari kwa nguvu hata shakwe waliokuwa juu ya paa wakaruka.

*

"Wako wapi?" aliuliza, amesimama mbele ya Emil, mikono kiunoni.

Gati zima likageuka kuwatazama. Hata mashine za kukunja nyuzi ziliacha kulia.

"Nani?" alisema Emil.

"Emil Vargo, hujawahi kuweza kusema uongo tangu nikufahamu. Wako wapi?"

Emil akatazama chini. "Kwa Kaz."

Roz akageuka. Kaz Lesko akakohoa. "Nina jokofu kubwa," alisema. "Na lilikuwa tupu."

"Umeweka chakula cha parokia mochwari?"

"Ni safi kuliko hospitali, Roz! Na wiki hii hakuna aliyekufa. Kwaresima watu wanajizuia."

Kiongozi wa kwaya alipiga ishara ya msalaba akiwa bado ameshika ufito, na ndoana ikanasa kofia ya kinyozi. Walipomaliza kuinasua, Emil alikuwa ameshasimama, kofia mkononi.

"Usiwasumbue hawa," alisema. "Mimi ndiye niliyechukua. Jana nilifungua boksi la kwanza nikapapasa, nikajua. Nikafungua yote. Nikawaza, Dolores atawaona kesho mchana, hapo hakuna tena muda wa kufanya chochote. Ama awapike, askofu amcheke, ama asiwapike, meza iwe tupu. Na yule padri mtoto maskini angeaibika mbele ya mkubwa wake. Basi nikawaita hawa. Kila mmoja avue haki yake ya siku, tukate, turudishe jikoni kabla ya watu kushuka. Dolores asijue chochote."

"Na hata angejua?" alisema Kaz. "Angeona samaki wameondoka wabaya wakarudi wazuri. Muujiza. Askofu anapenda miujiza."

Roz aliangalia ndoo zile. Sangara walikuwa wanang'aa, milia na mapezi ya rangi ya machungwa, matumbo yametuna. Alijikuta anawapenda watu wale kwa moyo wote, wajinga kwa wingi wao. Kisha akakumbuka yeye ni nani.

"Hamwezi kuwauza," alisema.

"Nini?"

"Samaki wa ndoana hauzwi. Mnalijua hilo. Mwenye kuvua kwa leseni ya kujifurahisha ale, au agawe. Akiuza sahani moja tu, mimi namkamata. Na leo nitakuwa pale nimekaa nakula, nikiona kwa macho yangu mawili."

"Roz," alisema kinyozi, "ni kanisa lako."

"Najua ni kanisa langu! Unadhani sijui?" Alipiga kelele hata mwenyewe akashtuka. Akavuta pumzi. "Kanisa langu, na sheria yangu. Nikiifumbia macho leo kwa sababu ni watu wangu, kesho nimwambie nini mtu wa Cleveland anayejaza boti nzima?"

Bonge la barafu likagonga nguzo. Emil aliangalia ndoo yake kama mtu anayeaga.

"Nimesema hamwezi kuuza," alisema Roz. "Kugawa sijasema."

*

Lakini kugawa kulihitaji ruhusa ya mwenye jiko, na mwenye jiko lazima aambiwe yote. Roz alimleta Dolores katika duka la chambo bila kumweleza kitu. Mlangoni tu akaona wanaume wamepanga foleni na visu, magamba yametapakaa hadi darini, na Emil katikati yao, anakata.

Dolores akachukua mnofu mmoja, akaugeuza, akaiona ngozi. Roz akautoa ule mwingine mfukoni, akauweka mezani, akamweleza kila kitu kwa maneno machache. Uso wa Dolores ukabadilika rangi kama mara tatu.

"Umeniibia," alimwambia Emil.

"Ndiyo."

"Ukanipigia na deki."

"Ndiyo."

"Nimelia asubuhi nzima, Emil! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani nitawahi kuwarudisha kabla hujafungua jokofu," alisema Emil, akitazama kisu. "Hujawahi kulifungua asubuhi. Sikutaka uumie. Mimi sipendi uumie, Dolores. Basi, ndivyo ilivyo."

Duka zima lilijifanya linakata samaki. Dolores alifungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo Kaz baadaye aliapa hakuwahi kuliona. Kisha akavua koti, akakunja mikono ya sweta.

"Nipe hicho kisu. Unaacha miiba hapa mgongoni kila mara, na kila mara mimi ndiye ninayeitoa na sisemi." Akageuka kwa Roz. "Bure, eti?"

"Bure kabisa. Hakuna tiketi, hakuna kopo la hela mezani."

"Na tanuri?"

"Kikapu cha sadaka kiko juu kanisani siku zote. Juu ni kwa padri. Mimi kazi yangu ni ya chini, ya samaki."

"Mikono haitoshi," alisema Dolores, akiangalia ndoo. "Wala makarai. Nani ana makarai siku ya Ijumaa?"

Roz alijua nani. Alirudi kwa Walutheri akiwa ameshika kofia, kwenda kumwomba msaada mwanamke aliyempekulia jokofu asubuhi. Mchungaji Arlene alimsikiliza hadi mwisho, kisha akapaza sauti ndani: "Zimeni jiko! Chukueni makarai, chukueni na samaki wetu. Tunakwenda kwa Wakatoliki. Na mtu yeyote asimtanie Dolores mpaka ashibe."

*

Habari kwamba kuna sangara wa bure ilifika Port Corvin yote kabla mafuta hayajapata moto. Foleni ilipanda ngazi, ikapita kanisani, ikatoka nje hadi kwenye maegesho. Kwa kuwa ilipita kanisani, ilipita pia kando ya kikapu, na Roz aliyekuwa chini hakuona lolote.

Baba Askofu Dombek alikuwa mzee mkavu mwenye mikono mikubwa ya ukoo wa wavuvi. Aliketishwa meza ya mbele, Padri Linus kulia kwake, Roz kushoto. Dolores mwenyewe alimletea sahani. Askofu akauinua mnofu, akaugeuza, akaiangalia milia, akautia mdomoni wote, akafumba macho.

Huku nyuma Emil, Kaz na wenzao walishikana mikono chini ya kaunta kama wasichana.

"Mbona leo bure?" aliuliza askofu alipomeza.

Mji mzima ulikuwa umejiandaa kwa swali hilo. Kaz alikuwa na jibu, kinyozi alikuwa na jibu, na yote mawili yalikuwa uongo mzuri. Lakini Padri Linus alisimama, mweupe kama unga.

"Baba Askofu, ni kosa langu. Nilinunua samaki wa uongo."

"Kaa chini, mtoto," alinong'ona Dolores.

"Nilinunua wa uongo, wasio na ngozi, ili uone tunabana matumizi. Watu hawa wakaniibia ili nisiaibike. Wamevua tangu alfajiri, na sheria haiwaruhusu kuuza, ndiyo maana ni bure. Mimi ni wa Nebraska. Sikujua." Akaketi. Mtu mmoja jikoni alidondosha mwiko.

Askofu akamgeukia Roz. "Wewe ndiye afisa? Kuna wizi uliotokea?"

"Niliripotiwa wizi wa sangara, Baba Askofu," alisema Roz. "Nimechunguza. Hakuna sangara hata mmoja aliyeibiwa."

"Na hawa watu wote wamesimama gatini siku nzima, wamepata nini?"

"Mafua, Baba Askofu."

Askofu akaangaza macho ukumbini: Wakatoliki, Walutheri, mwenye mochwari mwenye unga kwenye nyusi. Akachukua mnofu mwingine. Akala. Akachukua mwingine. Ukumbini yalisikika mafuta tu.

Dolores hakuweza tena. Alikuja mbele, mikono kwenye aproni.

"Baba Askofu, napenda unavyokula, lakini niambie. Sisi ndio tunaofungwa?"

"Mama, nimo katika chakula."

"Na mimi nimo katika maisha yangu. Niambie."

Askofu akaweka uma chini. Akafuta vidole kimoja kimoja. Alionekana mzee zaidi, na mtu mwenye jambo zito la kutoa moyoni.

"Ijumaa iliyopita nilikula Millbrook," alisema. "Watu wema. Kanisa zuri, tanuri jipya, na mahesabu yao yamenyooka." Dolores alishika ukingo wa meza. "Nilikuwa nimekwisha amua. Kwa kweli, leo nilikuja kuwaaga tu." Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Lakini walinipa kambale."

Mguno ulipita ukumbini. Mlutheri mmoja alivua kofia.

"Kambale," alirudia askofu. "Ijumaa ya Kwaresima, karibu na ziwa hili. Na wakaniambia ni sangara." Akavuta sahani karibu. "Wao ndio watakaohamia kwenu. Wafundisheni taratibu. Mama, umebakiza mkia mkia hivi?"

Dolores akavuta kiti akaketi, mara ya kwanza tangu alfajiri, na machozi yakamtiririka mbele ya watu wote.

"Maskini," alisema, "maskini watu wa Millbrook," na hakuna aliyejua hasa ni furaha inayomliza au ni huruma.